Aliyeanika Hapigi Magoti

"Aliyeanika hapigi magoti." Ndivyo nilivyomjibu yule mchuuzi aliyekuja asubuhi na baiskeli yake. Alitazama mafungu ya kunde na majani ya maboga yaliyojaa hapa barazani, akataja bei ambayo hata mbuzi angeikataa, kisha akaniambia nisijisumbue kubishana, kwa kuwa kesho mboga zitakuwa zimeoza na nitamtafuta mwenyewe. Mlimwona alivyoondoka. Nanyi mkaacha kuchambua mkanikodolea macho, na Shilinde, ambaye hajui kukaa na swali tumboni, akaniuliza ni nani huyo aliyeanika, na ameanika nini, nguo?

Si nguo, mjukuu wangu. Endeleeni kuchambua, mabua huku na majani kule, maana mtu husikiliza kwa masikio, si kwa vidole. Msemo huu una mwenyewe na una kijiji chake. Nitawaeleza ulivyozaliwa kama nilivyoelezwa na mama yangu, naye alikuwa mtu asiyependa kupamba maneno.

Zamani, kabla ya barabara na kabla ya mashine za kusaga, palikuwa na kijiji huku kwetu Usukuma kilichoitwa Isangabuye. Katikati yake palikuwa na mwamba mpana, uliolala chini kama ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, na nyumba zote ziliuzunguka. Mvua zikiisha, wanawake walikata viazi vitamu vipande vipande wakavianika juu ya mwamba ule, hii michembe mnayoijua. Kila mwanamke alikuwa na sehemu yake, na hakuna aliyechora mpaka. Mkubwa wa kijiji, ambaye sisi humwita mwanangwa, alikuwa mtu aitwaye Ndalahwa.

Kijiji kile hakikukosa nafaka. Mtama ulikuwapo, uwele ulikuwapo, mwingi au kidogo. Kilichokuwa kinawatesa ni mboga. Mvua zikinyesha, bustani za nyuma ya nyumba zilitoa mboga mpaka zikawa kero. Watu walikula kunde, mgagani, mlenda na majani ya maboga mpaka wakakinai, wakawapa mbuzi, mbuzi nao wakakinai, na zilizobaki zikaozea pale pale bustanini. Halafu mvua zikikatika, muda si mrefu hutaona jani. Ng'ombe walipelekwa mbali kufuata malisho, na maziwa yakaenda nao. Mtu alibaki na ugali wake mkavu, anautazama, nao unamtazama. Mnacheka, lakini hebu mlishe mtoto ugali mkavu mwezi mzima muone kama atacheka.

Bustani moja tu ilibaki na kijani kiangazi chote, nayo ilikuwa ya Ndalahwa, kwa sababu ilikuwa kando ya chemchemi pekee isiyokauka. Kwa hiyo kiangazi watu walikwenda uani kwake. Desturi ilikuwa hivi: unafika, unapiga magoti kwenye mchanga, unangoja. Yeye amekaa kwenye kigoda chake ananusa ugoro. Akiridhika kwamba umengoja vya kutosha, anakuambia chukua fungu. Na fungu lile lilikuwa na kazi yake. Utamwagilia bustani yake, na mvua za kwanza zikianguka utalima shamba lake kabla hujagusa la kwako.

Mtego ulikuwa hapo kwenye shamba. Huku kwetu mvua ya kwanza ndiyo mvua. Anayepanda nayo huvuna, anayepanda baadaye huokota. Basi waliopiga magoti kiangazi walipanda wakiwa wamechelewa, wakavuna kidogo, wakarudi kwenye mchanga ule ule mwaka uliofuata, na Ndalahwa akavuna kwa mikono yao mwaka hadi mwaka. Wala hakumpiga mtu fimbo. Aliwangoja tu mboga zao zioze.

Msinielewe vibaya. Kupiga magoti kwa salamu ni adabu, na wewe Buyegi usidhani leo umepata ruhusa ya kunisalimia umesimama kama mlingoti. Yale ya uani kwa Ndalahwa hayakuwa salamu. Hata mkewe, Nkwimba, mwanamke aliyemzalia watoto, alipimiwa mboga ya siku kama mgeni. Kila jioni alipiga magoti mbele ya kigoda akaomba fungu la kumpikia mume huyo huyo anayemwomba.

Mtauliza kwa nini hawakukausha mboga wakati zimejaa. Tunakausha sisi kila mwaka, na hiyo nsansa, mboga kavu mnayoila na karanga, haikuanguka kutoka mbinguni. Wao walikuwa na mwiko. Ilisemwa kwamba jani likianikwa wakati wa mvua huifukuza mvua, kwa sababu unaiambia mbingu kwamba unataka jua. Viazi vilianikwa mvua zikishakwisha, hilo halikuwa na neno. Lakini majani hayangoji. Mvua zikikatika, kunde huingia kwenye mbegu na jani lake huwa gumu kama ukanda. Kwa hiyo siku ya kuanika majani haikuwapo kabisa, na hakuna aliyeona kwamba haipo. Mwiko ulilindwa na kila mtu, na aliyeushukuru zaidi ni mwenye bustani ya chemchemi.

Sasa palikuwa na mjane kijijini pale, jina lake Wande. Mumewe alikufa akamwachia watoto wadogo na shamba zuri lenye udongo mweusi, shamba ambalo Ndalahwa ndiye angeamua kama ataendelea kulilima. Mwaka mmoja Wande naye alipiga magoti, maana watoto walikuwa wanalia. Mvua ya kwanza ikaanguka. Yeye alikuwa ameinama kwenye shamba la Ndalahwa, mgongo umelowa, na kutoka pale alipokuwa aliliona shamba lake mwenyewe, tupu, likinywa maji bila mbegu. Mama yangu aliniambia Wande hakulia siku ile. Alikasirika, na hasira ile hakuimaliza. Alijiapiza kwamba mvua ya kwanza haitamkuta tena kwenye shamba la mtu mwingine.

Mwaka ule mvua ziliendelea vizuri na bustani yake ikafurika. Akakaa akizitazama kunde zake zilivyojaa na kuwaza kwamba kama kiazi kinakaa, jani nalo litakaa. Akachuma kapu zima la majani, akapanda juu ya mwamba mchana kweupe, kijiji kizima kikiona, akayatandaza kwenye sehemu yake ambako wengine walianika michembe tu. Hakwenda kujificha nyuma ya nyumba. Jirani yake, Holo, ambaye walikuwa wakichota maji pamoja, akamfuata mbio akamsihi ayatoe kabla wazee hawajaona. Wande akamwambia wazee wana macho, wataona tu.

Mara ya kwanza hakufaulu. Majani mabichi yalikauka yakawa kama majivu, upepo ukayachukua, na wanawake waliokuwa wanapita wakamwuliza kama anawalisha ndege. Mara ya pili aliyachemsha kidogo kwanza, akayaanika, lakini aliona wingu akaharakisha kuyatia kwenye chungu kabla hayajakauka sawasawa, nayo yakaota ukungu mweupe ukanuka nyumba nzima. Aliyamwaga akaanza upya. Safari hii aliyachemsha, akayakamua, akayatandaza membamba, akawa anayageuza kila mara na kuyafunika kwa ngozi mvua ikitishia. Hakuyaondoa mpaka yaliposikika yakivunjika mkononi. Akayashindilia kwenye vibuyu, akaziba midomo ya vibuyu kwa majivu na samadi ya ng'ombe. Ndivyo tunavyofanya hata leo, ila tu sisi tumepata makopo.

Vibuyu vilikuwa vimeanza kujaa pale mvua iliposimama.

Ilisimama katikati ya msimu, kama isimamavyo miaka mingine, lakini mwaka ule palikuwa na wa kulaumiwa. Mtama ulianza kujikunja majani. Watu waliokuwa wanamcheka Wande wakaacha kumcheka wakaanza kumnyamazia, na hilo ni baya zaidi. Holo akabadilisha njia ya kwenda kisimani. Kisha ukaja ujumbe kwamba mwanangwa anamwita uani, na wazee wote wapo.

Wande alikwenda. Njia nzima alijua anachokwenda kupoteza, maana mtu aliyefukuza mvua hafanyiwi mzaha. Angefukuzwa yeye na wanawe, na lile shamba la udongo mweusi lingepata mwenyewe kabla moshi wa jiko lake haujapoa. Alikuwa anaogopa, msimfanye chuma. Lakini alipofika pale kwenye mchanga alisimama.

"Piga magoti," Ndalahwa alimwambia, "ndipo tuzungumze."

"Sijaja kuomba, mwanangwa. Nimeitwa."

Wazee wakatazamana. Ndalahwa akavuta ugoro kwa utulivu, akasema kwamba kila mtu kijijini anaujua mwiko, hata watoto, na huyu mjane ameukanyaga juu ya mwamba mbele ya macho ya watu. Akamwambia achague. Ayafukie majani yake yote, yaliyo juu ya mwamba na yaliyo kwenye vibuyu, kisha apige magoti aombe radhi mbele ya wazee. Au afungashe mizigo atafute mahali pengine pa kulima, kwa kuwa shamba la marehemu lina watu wengi wanaolitamani.

Wande alikuwa ameinua macho, anatazama chini ya paa la nyumba ya Ndalahwa.

"Mwanangwa, yale yanayoning'inia pale ni nini?"

Hakuna aliyehitaji kugeuka. Yalikuwa mafungu ya tumbaku, makubwa, yamefungwa kwa kamba, yanakauka kivulini tangu mwanzo wa msimu.

"Ni tumbaku yangu," Ndalahwa alisema. "Inahusu nini?"

"Tumbaku ni jani au si jani?"

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika ugoro vidoleni, tayari kuupeleka puani, akaurudisha taratibu kwenye kipembe chake.

"Ni jani," alisema mzee mwingine, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema.

"Basi baba zangu, haki ni moja," Wande alisema. "Nitafukia ya kwangu sasa hivi. Nikimaliza tutakwenda nyumba kwa nyumba, tukianzia hapa, tufukie kila jani lililoanikwa kijijini tangu mvua zilipoanza. Likibaki hata moja kwenye paa la mtu, msiniambie tena habari za mvua."

Jamani, hebu wafikirieni wale wazee. Hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuwa na tumbaku chini ya paa lake. Walikuwa wameianika kila mwaka, wakati wa mvua, tangu ujana wao, na baba zao kabla yao, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya paa lile lile. Hawakuwa wanafiki. Hawakuwahi kufikiri kwamba tumbaku ni majani, kwa sababu majani ni kazi ya wanawake na tumbaku ni ya wazee. Mmoja alikohoa akasema huenda mvua inachukia majani ya kuliwa peke yake. Mwenzake akamwuliza ni nani aliyemwambia, naye akasema alisikia. Hakuweza kukumbuka alisikia kwa nani.

Ndalahwa aliona wazee wanamponyoka. Alikuwa mtu wa hila, si mjinga, na mwenye hila hajui kupigana, anajua kungoja.

"Haya," alisema. "Kaa na majani yako. Lakini nisikilize, mwanamke. Kiangazi kipo njiani. Watoto wako watalia kama walivyolia mwaka jana, nawe utakuja hapa utapiga magoti mpaka mchanga huu ukuzoee. Siku hiyo sitakupa hata mzizi."

"Nikija, ninyime," Wande akasema, akaondoka.

Mvua ilirudi baada ya siku chache. Msiniulize kwa nini. Mvua ina mambo yake, na haikurudi kwa ajili ya Wande kama ambavyo haikuondoka kwa ajili yake. Wande aliendelea kuchemsha na kuanika mpaka kunde zilipoingia kwenye mbegu.

Kisha kikaja kiangazi, nacho kilikuwa kikali. Nawaambia ukweli, hapo ndipo Wande alipoteseka zaidi kuliko siku ile mbele ya wazee. Kusema mbele ya watu ni jambo la mara moja. Sasa alikuwa amejifungia mlango pekee uliokuwapo, na yote aliyonayo yamo ndani ya vibuyu ambavyo hajui vina nini. Kama majani yameota ukungu tena, watoto wake hawana mboga na hawana pa kuomba. Alikuwa akipita pale vilipopangwa, anavigonga kwa kidole, anaweka sikio. Bustani yake ikafa. Jani la mwisho la mlenda likaliwa. Siku moja mchana aliketi chini, akabandua samadi kwenye kibuyu cha kwanza akaingiza mkono.

Majani yalikuwa makavu, meusi kidogo, yananukia kunde.

Akayaloweka, akayachemsha, akatwanga karanga akayaunga nazo. Watoto walikula wakalamba vidole, na Wande, aliyekuwa hajalia kwenye shamba wala mbele ya wazee, alikaa pale jikoni akalia machozi ya furaha mpaka mtoto wake mdogo akamwuliza kama amepaliwa na pilipili.

Harufu ya karanga haina adabu, huingia nyumba za watu bila hodi. Muda si mrefu Holo akasimama mlangoni, yule yule aliyebadilisha njia ya kisimani. Akaanza kushuka kwenye magoti, kama alivyozoea kwa Ndalahwa, akiwa amekinga bakuli kwa mikono miwili. Wande akamshika kwapani akamnyanyua, na mama yangu aliniambia alimnyanyua kwa nguvu, karibu bakuli limdondoke.

"Simama, mayu, mama mwenzangu. Kwangu hapapigwi magoti. Leo nitakupa, na kesho nitakupa. Mwakani uanike."

"Watanisema," Holo akasema.

"Walinisema mimi. Unaniona nimepungua?"

Wapo wengine waliokuja, nao walipewa kwa sharti hilo hilo. Lakini Wande alikuwa mmoja na kijiji kilikuwa kikubwa. Wengi walikwenda kwenye mchanga kama kawaida. Ndalahwa alikuwa anamtazama kila anayeingia uani, akimtafuta mmoja, na siku zikapita hakumwona.

Mawingu yalipojikusanya, Ndalahwa alipiga ngoma ya kuwaita wenye deni la jembe. Watu wakatoka majumbani wakaelekea shambani kwake. Njia ile inapita kando ya shamba la Wande. Mvua ya kwanza ilianguka wakiwa njiani, nao wakamwona yuko kwenye udongo wake mweusi, yeye na wanawe, anafukia mbegu, maji yanamtiririka usoni. Hakuinua kichwa kuwatazama. Holo, ambaye naye alikuwa na deni la siku za nyuma, alisimama kidogo pale kando ya shamba akaangalia, mpaka wenzake wakamwita.

Nadhani ile iliwauma kuliko maneno yoyote. Msimu ule wanawake walipanda mwamba, mwanzoni Holo na wengine wachache, halafu ukoo kwa ukoo, mpaka mwamba ukawa wa kijani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Waume walionung'unika waliulizwa habari za tumbaku. Ndalahwa alipita akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba angependa kuona ni mtu gani mwenye akili zake atakayekula majani yaliyokufa. Wao wakaendelea kugeuza majani yao.

Kiangazi kilichofuata Ndalahwa alikaa kwenye kigoda chake, bustani yake ikiwa kijani, na uwanja ukawa mtupu. Wachache walikuja mwanzoni, kisha hawakuja. Na bustani ya chemchemi, jueni, haikumwagiliwa na chemchemi. Ilimwagiliwa na waliopiga magoti. Sasa wote walikuwa wamesimama isipokuwa mmoja, mkewe Nkwimba. Yeye alibaki kuchota maji ya bustani nzima peke yake, mtungi kichwani tangu asubuhi hadi jua linapozama. Na jioni, amechoka hivyo, bado alipiga magoti mbele ya kigoda kuomba fungu la mboga aliyoimwagilia mwenyewe. Ndalahwa alikuwa amezoea magoti mengi, na sasa aliyataka yote kutoka kwa mtu mmoja. Alimngojesha kuliko alivyowahi kumngojesha mtu.

Siku moja Wande alimkuta chemchemini amekaa chini, mtungi tupu pembeni, anajikanda shingo. Hawakuwa marafiki. Siku ile ya wazee Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni kwake na hakufungua mdomo. Wande akajaza mtungi wake, akamsaidia Nkwimba kujaza wake, na kabla ya kujitwika akamwambia kwamba juu ya mwamba, kati ya sehemu yake na ya Holo, pana nafasi ambayo haina mtu. Nkwimba alijitwika mtungi akaenda zake.

Lakini mvua ziliporudi, alionekana. Alikuwa na kijibustani kidogo nyuma ya jiko, cha kunde na maboga, ambacho mumewe hakukihesabu. Alichuma humo, akachemsha, akapanda mwamba, mke wa mwanangwa mwenyewe, akatandaza majani yake kati ya Wande na Holo. Ndalahwa alimuuliza kama anataka kumwaibisha. Akasema hapana, anakausha mboga.

Sasa sikilizeni, maana tumefika.

Kiangazi kiliingia. Siku ya kwanza ambayo bustani ya chemchemi ilihitaji maji, Nkwimba hakuchukua mtungi. Alishughulika na kazi zake za nyumbani. Jioni ile walikula mboga iliyobaki jana yake, na siku ya pili vivyo hivyo hakuchota. Ndalahwa hakusema kitu, kwa sababu aliijua kazi yake ya kungoja, na alijua jioni atakuja kuomba. Jioni ikafika, akakaa kwenye kigoda. Akasikia mwiko ukigonga chungu, akasikia harufu ya karanga. Kisha Nkwimba akatoka jikoni na ugali na bakuli la nsansa, akaviweka mbele yake vizuri, kama mke anavyomwekea mumewe chakula, akanyooka akasimama.

"Hukuja kuomba mboga," Ndalahwa alimwambia.

"Sikuja."

"Na bustani inakauka."

"Naiona."

"Unajua kwamba katika ua huu anayetaka mboga hupiga magoti?"

Nkwimba alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Watu wa nyumba ya jirani ndio walioyabeba maneno yake, na walisema hakupandisha sauti hata siku ile.

"Ndiyo, baba. Anayetaka hupiga magoti. Mimi sikutaka kwako, wala kwa mtu yeyote. Nilianika. Aliyeanika hapigi magoti."

Ndalahwa alitazama bakuli. Alitazama uwanja wake, mchanga wote ule hauna alama ya goti hata moja. Angeweza kuipiga teke ile mboga, na alikuwa mtu wa kuweza hilo. Lakini alikuwa na njaa, na bustani yake ilikuwa imeinamisha majani, na pale mbele yake palikuwa na majani yaliyokufa yaliyoungwa kwa karanga.

Akanawa mikono akala. Nkwimba alisimama pale mpaka alipomaliza, akamwuliza kama amuongezee.

Aliyeanika hapigi magoti.